Tahadhari imetangazwa, ufunguo uko wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua. Kila mamlaka ya hali ya hewa inapotoa tahadhari ya mvua kubwa, upepo mkali au joto kali, mnaichapisha mapema, na kwa hilo nawashukuru. Langu linatuhusu sisi tunaoipokea. Tahadhari inafika nyumbani, inasomwa, watu wanaijadili kidogo, kisha nyumba inalala vilevile ilivyolala jana.

Nayasema haya kwa kuwa yametukuta. Usiku maji yalipoingia kwetu tulikuwamo watu wazima watatu, watoto wawili na mama yetu mzee mwenye presha. Tahadhari tulikuwa tumeisikia tangu asubuhi. Umeme ukakatika. Tochi ilikuwamo kwenye droo, lakini betri zilikuwa zimevuja na kugandia ndani. Mlango ulikuwa na kufuli, ufunguo ulikuwa mfukoni mwa suruali, na suruali yenyewe hatukujua imetundikwa wapi. Nilipapasa ukuta mzima maji yakiwa yamefika kwenye vifundo vya miguu, huku watoto wakilia nyuma yangu. Tulipofika mahali palipoinuka ndipo nilipoona kwamba nilichobeba ni televisheni. Dawa za mama zilibaki kwenye kabati la chini, kwa sababu kila mmoja wetu alidhani mwenzake amezichukua. Mama alikaa siku mbili bila dawa, na siku zote mbili ni yeye aliyekuwa akinituliza mimi.

Orodha za vitu vya kuweka akiba tunazo nyingi, na ni nzuri. Sisi hatukuponzwa na kukosa vitu. Dawa zilikuwepo, tochi ilikuwepo, ufunguo ulikuwepo. Hakukuwa na mtu hata mmoja aliyeambiwa: hili ni lako. Kwa hiyo ninachowaomba wasomaji wenzangu ni kwamba, kabla hawajanunua chochote, waketi na watu wa nyumbani mwao wagawane kazi kwa majina, na kila kazi iwe na mtu wa pili endapo wa kwanza hayupo.

Kwetu sasa ufunguo unaning'inia kwenye msumari ndani, karibu na mlango, mahali mtoto anapofikia lakini mkono wa mtu wa nje dirishani haufiki. Dawa za mama za wiki moja zimo kwenye mkoba wake mwenyewe, na binti yangu ndiye anayezibadilisha kila mwezi zisije zikapitwa na muda. Vyeti, vitambulisho na hati ya nyumba vimo kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na picha zake tumemtumia ndugu anayeishi mbali. Huyo ndugu ndiye kila mmoja wetu atamwandikia ujumbe mfupi tukipoteana, maana mtandao ukielemewa ujumbe hupenya pale simu inapokataa. Mdogo wangu ana kazi ya kuzima swichi kuu, tena kabla maji hayajaingia na mikono ikiwa mikavu. Maji yakishatanda sakafuni, swichi haiguswi na mtu yeyote.

Maji ya akiba hukadiriwa kuwa lita 4 kwa mtu kwa siku, kwa muda usiopungua siku 3. Sisi watu 6 tunahitaji lita 72, yaani madumu manne ya lita 20 na inabaki kidogo. Hesabu hii ni ya dakika moja, lakini ni nyumba chache nilizouliza zilizowahi kuifanya.

Tumefanya pia jambo ambalo majirani walilishangaa: tulizima taa zote usiku tukajaribu kutoka. Mara ya kwanza ilituchukua dakika kumi na moja. Tukagundua kwamba mama hawezi kuvuka kizingiti akiwa ameshika mkongojo mkono mmoja na mkoba mkono wa pili. Tukaushonea mkoba mkanda wa kuvaa begani. Mara ya pili tukatumia dakika nne. Jambo kama la mkanda ule hulioni mchana ukiwa umekaa kitini.

Mawili mengine yanaua watu waliokwisha kunusurika na dhoruba yenyewe. Maji yanayokwenda kasi, hata yakiwa na kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima, na yakifika sentimita 60 yanabeba magari mengi. La pili ni jenereta au jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na waliolala huenda wasiamke. Jenereta ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka madirishani. Na joto kali, ambalo halibomoi ukuta, nalo lipangiwe mtu: nani atampitia mzee anayeishi peke yake, asubuhi na jioni?

Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa ulizindua mpango wa kumfikishia kila mtu duniani tahadhari za mapema ifikapo mwisho wa 2027. Tume ya kimataifa iliyochunguza namna ya kuhimili mabadiliko ya tabianchi ilieleza mwaka 2019 kwamba taarifa ya saa 24 kabla ya dhoruba au wimbi la joto inaweza kupunguza hasara kwa asilimia 30. Sisi usiku ule tulikuwa tumepewa zaidi ya saa 12, zikapita bila hata mtu kujaribu tochi.

Ndiyo maana nakuomba, Mhariri, kila mnapochapisha tahadhari muweke pembeni yake kisanduku cha kukata na kubandika mlangoni. Kiwe na namba za simu za waokoaji kwa herufi kubwa, kisha mistari mitupu ya kujaza majina: anayebeba dawa, anayezima swichi, anayemshika mkono mzee, anayeshika watoto, na anayefungua mlango.

Wako,
Msomaji wa kila siku