Risala ya Akina Mama Wauza Unga wa Lubumbashi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa mtaa, wazazi na ndugu wote mliohudhuria,

Kwa heshima kubwa tunakukaribisha katika hafla hii ya kusindikiza shehena ya mahindi iendayo kwa jamaa zetu wakulima wa vijiji vya barabara ya Kasenga. Sisi ni akina mama tunaouza unga katika masoko ya Kenya na Ruashi, mitaa ya hapa Lubumbashi, na wengi wetu tumezaliwa katika vijiji hivyo.

Mheshimiwa, kama ujuavyo, huku kwetu Katanga mvua ina majira mamoja, Novemba hadi Aprili, na mwenye jembe la mkono huvuna mahindi mara moja kwa mwaka. Kufikia Januari ghala limekwisha, ilhali ya shambani bado ni mabichi. Vinkubala, yaani viwavi wa kuliwa, na uyoga ni kitoweo tu. Bukari, yaani ugali, huhitaji unga. Hapo ndipo baba na mama huondoka alfajiri kupalilia shamba la mwenye nacho ili walipwe meka (chombo cha kupimia) ya unga, huku magugu yakiyasonga mahindi yao wenyewe, na hivyo njaa ya mwaka huu ikazaa ya mwaka ujao. Bibi anayelea wajukuu hana hata nguvu za kibarua hicho.

Mwaka 2024, ukame ulipoikumba Zambia, ambako mji wetu hununua mahindi mengi, bei ya unga ilipanda, na asiye na gunia lake akaumia zaidi.

Kwa hiyo tunajali wakati kuliko wingi. Msaada unaofika Mei, soko likiwa limejaa mahindi mapya, humharibia bei mkulima yule yule (na, tusifichane, wa namna hiyo tumeuona). Mahindi haya tuliyanunua Juni kwa wakulima wenyewe. Yanaondoka leo kabla mvua hazijaharibu barabara, na yatagawiwa kuanzia Januari, orodha ikisomwa hadharani mbele ya chifu.

Ombi letu ni mabati ya ghala, kwa maana magunia yatalala darasani kwa sasa, pamoja na mizani, kwani kupima kwa meka huleta manung'uniko: huyu hupewa iliyofurika, yule iliyokatwa kwa kiganja.

Sasa tunakuomba ufuatane nasi uani ukayakague magunia, kisha utie sahihi daftari la mzigo kabla dereva hajaondoka.

Karibu sana.