Waliotuuzia websaiti watupe na imeili zinazofika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nieleze jambo linalotuumiza sisi watu wa utalii wadogo hapa Arusha, na nina uhakika wenye gesti Zanzibar na wauza kahawa wa Moshi wanalo hilohilo ila hawajalijua.

Mi nafanya kazi kwa dada yangu, ana kakampuni ka safari, Land Cruiser mbili tu. Kazi yangu kujibu wageni na kuwatumia bei. Mwaka jana tukaona tukue kidogo, tukaachana na Gmail ya bure tukalipia domeni, yaani jina letu la mtandaoni, ya .co.tz, jamaa mmoja akatutengenezea websaiti nzuri tu na imeili yenye jina la kampuni, tukaiandika mpaka kwenye milango ya gari. Kuanzia hapo wageni wakakauka. Maulizo yanakuja kama kawaida, mtu anataka siku 7, Tarangire, Ngorongoro na Serengeti, Agosti awahi nyumbu wakivuka mto Mara, nakesha naandika ratiba na bei namtumia, halafu kimya. Naandika tena, kimya. Dada akasema bei zetu kubwa, tukashusha, kimya, tukashusha tena mpaka safari nyingine ikawa inabakiza hela ya mafuta tu.

Sasa siku moja mama mmoja wa Ujerumani akachukua namba ya simu kwenye websaiti akanitumia WhatsApp, anauliza kwa nini hatutaki kumjibu, wiki tatu anasubiri. Nikamwambia mama mbona nimekuandikia mara tatu. Akaenda kuangalia kwenye spamu, lile folda la barua taka, akazikuta zote tatu zimelala huko. Alikuwa ameshalipa kampuni nyingine. Nilikaa pale mezani sina la kumwambia dada.

Mchana uleule nikajitumia imeili kutoka ofisini kwenda Gmail yangu mwenyewe. Spamu! Pembeni ya jina la kampuni, pale panapokaa picha, pana alama ya kuuliza. Nikabonyeza vile vidoti vitatu nikafungua ujumbe asilia, juu kabisa kwenye mstari wa SPF pameandikwa SOFTFAIL, yaani haijapita vizuri, DKIM na DMARC hazipo kabisa. Nikampigia kijana wa mtaani kwetu anayejua mambo ya seva, zile kompyuta zinazotuma imeili, akanielewesha vizuri nami naeleza kama nilivyoelewa. Fikiria geti la Naabi pale Serengeti, mlinzi hakujui wala hana muda wa kukujua, anataka kibali. SPF ni orodha inayokaa kwenye domeni yako ikisema seva fulani na fulani tu ndo zinaruhusiwa kutuma barua kwa jina langu. Yetu ilikuwa inataja seva ya zamani, imeili zinatokea nyingine, kwahiyo kila nikituma ni kama gari imefika getini na kibali cha gari nyingine. DKIM ni mhuri unaogongwa kwenye kila barua ikitoka, anayepokea anaulinganisha na ufunguo ulioko kwenye domeni yako, barua ikiguswa njiani mhuri unakataa. Na DMARC inamwambia anayepokea afanyeje barua ikifeli hivyo viwili, aipitishe, aitupe spamu au aikatae kabisa.

Na hii siyo hiari tena. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanataka kila anayetuma awe angalau na SPF au DKIM, na wanaotuma kwa wingi (Google wanahesabu kuanzia 5,000 kwa siku) wawe na vyote vitatu pamoja na njia ya mtu kujitoa kwa kliki moja, Microsoft nao wakafuata kwa watumaji hao wakubwa Mei 2025. Wageni wetu wengi wako kwenye hizo hizo.

Yule kijana alitumia chini ya saa moja. Rekodi tatu za maandishi kwenye domeni, na rekodi zenyewe hazina bei. Kesho yake nikajitumia tena, PASS, PASS, PASS, zote tatu zimepita. Siwezi kusema siku hiyohiyo kila kitu kikapona, jina likishachafuka linasafishika taratibu, ilibidi tuwaombe maajenti wanaotufahamu watutoe kwenye spamu kwa mkono na watujibu, na ikachukua wiki kadhaa.

Kinachoniuma ni jibu la aliyetutengenezea websaiti. Nilipomuuliza alisema waambie wageni wawe wanaangalia spamu. Mhariri, mgeni yuko nyumbani kwake Ujerumani hajawahi hata kutusikia, nitamwambiaje aangalie spamu wakati hiyo imeili ya kumwambia nayo iko spamu? Ukimuuzia mtu imeili ya biashara umemuuzia kufika, la sivyo umemuuzia jina tu.

Tena kuna hatari kubwa kuliko kukosa mgeni. Domeni isiyo na DMARC inayokataa, mwizi anaweza kuandika barua kwa jina lako hasa, herufi kwa herufi, akamtumia mgeni wako invoisi yenye akaunti yake ya benki. Mgeni akalipa, akatua KIA na mabegi, na wewe huna habari naye. Kwahiyo ukishaweka DMARC ya kuangalia tu, soma ripoti zake, hakikisha barua zako zote halali zinapita, kisha ipandishe mpaka ikatae.

Naomba TCRA, ambao ndo wasimamizi wa majina ya .tz, wawabane wanaouza domeni na hosting (nafasi ya kuweka websaiti na imeili), mteja asikabidhiwe imeili kabla rekodi hizi tatu hazijakaa. Na wenzangu wa biashara, zile listi za imeili za maajenti zinazouzwa kwenye magrupu ya WhatsApp msinunue jamani. Google wanataka malalamiko ya spamu yasifike 0.3%, yaani watu watatu tu kwenye barua elfu moja wakibonyeza kwamba wewe ni spamu umeshafika pabaya, na watu wa kwenye listi ya kununua hawakujui, watabonyeza tu.

Mimi nimetoa kwenye kompyuta majina ya wageni 41 wa mwaka jana tuliodhani wametukataa. Nawaandikia upya mmoja mmoja kila jioni, nawaambia tuliwajibu siku ileile na naomba radhi kwamba haikuwafikia. Sita wameshanijibu, na wawili kati yao wanauliza kuhusu Juni.

Msomaji wako,
Sakina, Arusha