Mwanangu, usitenganishe mwamba na kiumbe

Mwanangu mpendwa,

Nimeipokea barua yako, na swali lako la kama ujiandikishe kusoma jiolojia au biolojia ya bahari limenikalia kichwani. Kwa kuwa umeandika kwamba kinachokuvutia hasa ni ile migongo ya milima iliyolala katikati ya bahari kuu, nitakujibu kwa kuitazama migongo yenyewe, maana naona ndiyo inayolikataa swali lako.

Migongo hiyo imeizunguka dunia kwa urefu wa kilomita 65,000 hivi, nayo ndiyo mahali ambapo mabamba ya ganda la dunia huachana. Wengi hudhani kwamba mwamba wa chini huyeyuka hapo kwa kuwa umeongezewa joto. Sivyo. Mabamba yanapoachana, mwamba wa moto uliokuwa kina kirefu hupanda kuijaza nafasi, na kadiri unavyopanda ndivyo mgandamizo juu yake unavyopungua, hata ukaanza kuyeyuka bila joto lolote la ziada. Maji ya bahari nayo hupenya kwenye nyufa, hukaribia magma, yaani mwamba ulioyeyuka, huchukua madini na gesi kutoka kwenye mwamba, kisha hufoka tena kwenye sakafu ya bahari, mahali pengine yakiwa na nyuzi 350 za selsiasi au zaidi, na bado hayachemki kwa sababu ya uzito wa bahari iliyo juu yake.

Mwaka 1977 wanajiolojia waliteremka kwa nyambizi Alvin karibu na visiwa vya Galápagos, kwenye kina cha mita 2,500 hivi, wakizitafuta chemchemi za aina hiyo. Walizipata, lakini walikuta zimezungukwa na kome, chaza wakubwa na minyoo mirefu ndani ya mirija myeupe. Katika msafara ule hapakuwa na mwanabiolojia hata mmoja, na baadhi ya vielelezo vilihifadhiwa ndani ya vodka, jambo linalonichekesha kila nikilikumbuka.

Mtazame mnyoo huyo kwa karibu. Jina lake la kisayansi ni Riftia pachyptila. Aweza kufikia urefu wa mita 2, na akishakomaa hana mdomo wala utumbo. Shungi lake ni jekundu kwa himoglobini, ile protini inayoipa damu rangi nyekundu, ambayo hubeba oksijeni pamoja na haidrojeni salfaidi, gesi iliyo sumu kwa wanyama wengi, bila kuziacha zikutane njiani. Mzigo huo hupelekwa kwa bakteria waliojazana ndani ya mwili wake, nao hutumia nguvu ya gesi hiyo kutengeneza chakula. Colleen Cavanaugh alikuwa bado mwanafunzi alipomsikia mhadhiri akitaja chembe za salfa zilizoonekana katika mwili wa mnyoo huyo, akasimama na kusema kwamba lazima mna bakteria humo. Hoja yake ilichapishwa mwaka 1981. Angalia kwamba dokezo lililofumbua fumbo la mnyama lilikuwa madini. (Usiwaamini sana wanaosema kwamba viumbe hao hawalihitaji jua kabisa: oksijeni wanayoitumia imetokana na mimea na viumbe vingine vinavyotumia mwanga.)

Tena kuna yule konokono wa Bahari ya Hindi, aliyegunduliwa mwaka 2001 kwenye chemchemi za Kairei, ambaye mguu wake umefunikwa magamba yenye salfaidi ya chuma, yaani madini ya chuma na salfa. Kwenye chemchemi za Solitaire, katika bahari hiyo hiyo, konokono wa spishi ile ile ni mweupe, kwa sababu maji ya pale yana chuma kidogo.

Hata mwendo wa mabamba humgusa kiumbe. Mashariki ya Pasifiki, ambako mabamba huachana kwa kasi, volkano ililipuka mwaka 1991 na kuua viumbe vya eneo zima. Haikupita hata miaka 3 kabla minyoo yenye urefu wa zaidi ya mita 1 haijasimama pale pale. Kwenye migongo ya mwendo wa polepole, kama ule wa Atlantiki, chemchemi moja yaweza kudumu maelfu ya miaka, na viumbe wake hawajazoea kuangamizwa na kuanza upya namna hiyo. Kwa hiyo Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, chombo kinachosimamia madini ya chini ya bahari kuu, ambayo tayari imeshatoa mikataba ya kutafuta madini kwenye migongo hiyo, inahitaji watu wanaoweza kukadiria umri wa chemchemi na pia kufuatilia mabuu, yaani watoto wachanga wa viumbe hao, wanakopelekwa na mikondo. Yule konokono aliingizwa mwaka 2019 kwenye orodha ya viumbe vilivyo hatarini kwa sababu ya uchimbaji huo unaopangwa.

Ningekuwa wewe, ningejiandikisha jiolojia, kwa kuwa kazi ya miamba ni ngumu kujifunza ukubwani, kisha ningechukua kozi za kemia na za vijidudu kila nafasi inapopatikana. Waulize idarani kama wanaruhusu mchanganyiko huo tangu mwaka wa kwanza, kisha uniandikie kabla hujajaza fomu.

Mama yako akupendaye