Shukrani kwa wakili aliyesimama na mtoto wetu

Wakili msomi, jina lako silitaji kwa kuwa uliomba hivyo, lakini shukrani zangu nazitoa hadharani. Dada yangu alikuja kwako kuhusu nani akae na mtoto wake, akiamini kwamba Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 humpa mama mtoto wa chini ya miaka 7 bila mjadala. Ukamweleza kwa upole kwamba hiyo ni dhana inayoweza kukanushwa, yaani mahakama huanza nayo lakini inaweza kupingwa kwa hoja, na kwamba mahakama hutanguliza ustawi wa mtoto, ikizingatia pia matakwa ya wazazi, maoni ya mtoto mwenyewe akiweza kuyatoa, na mila za jamii. Baba wa mtoto hukumdhalilisha hata mara moja, ingawa sisi wajomba tulitamani umseme, na leo mtoto huenda kwake kila likizo. Mungu akuzidishie afya.