Kipimo cha moyo wa mtoto kisiishie Dar es Salaam

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako huandika mara kwa mara habari za watoto wanaofanyiwa upasuaji katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI). Nawashukuru madaktari wale kwa dhati, maana mwanangu ni mmoja wa watoto hao. Leo naomba nafasi nizungumzie kinachotangulia upasuaji, yaani kipimo cha eko, ultrasaundi ya moyo.

Mwanangu alikuwa akinyonya kidogo anaachia ziwa, anahema, paji la uso limelowa jasho, kisha anaanza tena. Kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito ukagoma kupanda. Kila tukienda hospitali tunaambiwa nimonia, anachomwa sindano, anapata nafuu, inarudi. Na nimonia ilikuwepo kweli, kwa sababu damu iliyopenya kwenye tundu la moyo ilikuwa inayazidi mapafu nguvu. Hospitali moja tuliyopita ilikuwa na mashine ya ultrasaundi chumba cha jirani, inapima wajawazito kutwa. Kifaa cha kupimia moyo wa mtoto hakikuwapo, wala mtu aliyefundishwa kuusoma.

Kipimo chenyewe hakiumi na hakina mionzi. Kule Dar es Salaam walipunguza taa, nikampakata mtoto ananyonya, daktari akapaka jeli na kupitisha kifaa kifuani, chini ya mbavu, hadi kwenye kishimo cha koo. Damu ikaonekana nyekundu na bluu. Alitueleza kuwa rangi hizo si damu safi na chafu: nyekundu inakuja upande wa kifaa, bluu inakwenda mbali nacho. Akapima upana wa tundu kwa milimita, halafu kasi ya damu inayopita pale, kwa kuwa kasi hiyo humsaidia kukadiria presha ya mapafu. Hapo ndipo nilipoogopa. Tundu kubwa likiachwa miaka, mishipa ya mapafu hukakamaa, na upasuaji ambao ungemponya mtoto unakuwa hauwezekani tena. Hata umpeleke kwa bingwa gani.

Karibu mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na kasoro ya moyo. Si wote wa kupasuliwa. Matundu madogo mengi huziba yenyewe, na eko ndiyo inayoonyesha yupi wa kungoja na yupi wa kukimbizwa.

Naiomba Wizara ya Afya kila hospitali ya rufaa ya mkoa ipate kifaa cha watoto na watu wawili waliofundishwa, ili mmoja akiwa likizo kazi isisimame. JKCI wanapokuja mikoani kwa huduma ya mkoba, wawakalishe wenyeji kwenye mashine wapime wao, na baadaye wawe wanatumiwa picha kwa ushauri. Na kwenye wodi za wazazi, kile kifaa cha kupima oksijeni kifungwe mkono wa kulia na mguu wa mtoto kabla hajaruhusiwa. Hakigundui kila tundu, na la mwanangu pengine kisingelinasa, ila huwanasa wengi wenye damu yenye oksijeni kidogo, ambao hawawezi kusubiri.

Nawe Mhariri, waulize wahusika ni hospitali zipi za mikoa zinapima eko ya watoto leo hii, kisha uchapishe orodha. Kutoka hapa kwetu hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, na wazazi wengi hawajui kama kuna pa karibu zaidi.

Mama mzazi,
Songea