Sahani ya paa haitapokea umeme wa anga za juu

Mhariri,

Habari za umeme wa jua unaozalishwa angani na kutumwa ardhini kwa mawimbi ya redio zimeongezeka tangu chuo cha Caltech, Marekani, kilipotangaza mwaka 2023 kwamba mawimbi kutoka kwenye chombo chake cha angani yamenaswa Pasadena, mji kilipo chuo hicho. Hatua hiyo ni kubwa kweli. Lakini yaliyonaswa yalikuwa ya kupimwa kwa mitambo, si umeme wa kuwasha taa. Sasa wapo wanaoamini kwamba kila kijiji kitafunga sahani yake ya kupokea umeme huo juu ya paa la shule. Hakitaweza, hata fedha zikipatikana.

Mwale wa mawimbi hutanuka kadiri unavyosafiri. Zidisha urefu wa wimbi kwa umbali, kisha kwa 2.44, halafu gawanya kwa kipenyo cha antena inayorusha: utapata kipenyo cha uwanja wa kupokelea. Setilaiti inayotulia juu ya ikweta iko kilomita 35,786 kutoka ardhini. Kwa masafa (idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde) ya gigahezi 2.45, wimbi lina urefu wa sentimita 12.2. Antena ya kilomita moja kule juu inadai uwanja wa zaidi ya kilomita 10 huku chini. Ukitaka sahani ya mita 10, antena ya angani lazima iwe na upana wa kilomita 1,000 hivi, karibu kama Dar es Salaam hadi Kigoma.

Ukipandisha masafa hadi gigahezi 5.8, uwanja unapungua hadi kilomita 4.5. Ukivuka gigahezi 10, mvua kubwa inaanza kunyonya nishati njiani. Ukiishusha setilaiti, inakupita kwa dakika chache na kuzama.

Ndiyo maana mpango uliochorwa na NASA pamoja na Wizara ya Nishati ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970 ulikuwa wa gigawati 5 kwa setilaiti moja. Katika latitudo ya 35 uwanja ulikuwa kilomita 10 kwa 13, kwa kuwa mwale hutua kwa mshazari. Kwetu karibu na ikweta ungekuwa karibu duara. Katikati, nguvu ilikuwa wati 230 kwa mita ya mraba, chini ya robo ya jua la adhuhuri. Mwale huo hauunguzi ndege anayepita, ila unazidi mno viwango vinavyoruhusiwa kwa watu, hivyo uzio ni lazima. Pembeni nguvu huporomoka, na huko dayodi zinazogeuza mawimbi kuwa mkondo mnyoofu (DC) hupoteza nyingi, maana volti inayozifikia haitoshi kuzifungua vizuri. Jaribio la kurusha nishati kwa mawimbi lililofanyika ardhini huko Goldstone, California, mwaka 1975 lilipata zaidi ya kilowati 30, lakini umbali ulikuwa kama kilomita moja na nusu tu.

Naomba waandishi wako, kila kampuni inapotangaza mradi wa aina hii, waulize namba nne kabla ya kuchapa: masafa, umbali, kipenyo cha antena ya juu na kipenyo cha uwanja wa chini. Hesabu yenyewe inamalizika kwa kikokotoo cha simu.

Mhandisi wa redio,
Dar es Salaam