Barua kwa mpwa wangu anayefundisha wakimbiaji

Mpwa wangu,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara tatu kwenye maegesho ya uwanja wa ndege, abiria wakinigongea kioo. Nilikujibu "nitakupigia," na sikukupigia. Nimeona heri nikuandikie hapa hadharani, kwa idhini yako, kwa kuwa uliloniuliza si lako peke yako. Halafu, nikuambie kweli, kwenye simu ungenikatiza.

Ulisema kijana mmoja wa kambi yako alikuwa akikimbia nusu marathoni kwa dakika 66. Akaenda kwao miezi mitatu, akarudi anakimbia 62. Ana rafiki mpya mjini anayejiita daktari ila zahanati yake haijulikani iliko. Mashindano yako mlangoni. Ukamalizia: "Mjomba, sina ushahidi. Nifanyeje?"

Mimi riadha siijui, mama yako atakuhadithia nilivyotapika mbio za shule pale Mombasa. Ninalolijua nimelipata kwa mzee mmoja ambaye hajawahi kutazama nusu marathoni maishani mwake.

Ni jirani yangu, uzio tu umetutenga. Ana miaka 84. Alikuwa meneja wa besiboli, kwanza wa vitimu vya mashambani huko Illinois, ng'ambo ya Mto Mississippi, kisha wa shule ya sekondari kwa miaka zaidi ya ishirini. Huku kocha mkuu wa mchezo huo huitwa meneja, na huvaa sare kama wachezaji wake, kitambi na mvi na yote. Nilifika St. Louis, hapa Marekani, mwaka 2006, mwaka ambao Cardinals, timu ya mji huu, walitwaa ubingwa. Usiku ule nilidhani mji umevamiwa. Ni yeye aliyenigongea mlango kunieleza kwamba ni furaha tu, na tangu hapo ananieleza.

Siku zile barabara kuu ya I-70 ilikuwa na sehemu yenye kibao cha Mark McGwire. Nilimuuliza kama huyo alikuwa gavana. Akacheka mpaka akakohoa. McGwire alikuwa mpigaji wa Cardinals aliyepiga homurani 70 mwaka 1998. Homurani ni pale mpira unapovuka ukuta wa uwanja, mpigaji akazunguka vituo vyote vinne bila kukimbizwa na mtu. Rekodi ya Roger Maris, 61, ilikuwa imedumu tangu 1961. McGwire na Sammy Sosa wa Chicago walikimbizana msimu mzima, na usiku wa tarehe 8 Septemba McGwire alipopiga ya 62, Sosa alikuwa uwanja uleule na timu pinzani, akaja kumkumbatia. Watoto wa marehemu Maris walikuwepo. Mzee anasema hata yeye alilia, na hilo halimfurahishi kulikumbuka.

Mwezi mmoja kabla, mwandishi wa habari alikuwa ameona kichupa ndani ya kabati la McGwire: androstenedione, kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa homoni ya kiume. Wakati huo kiliuzwa madukani na besiboli ilikuwa haijakikataza. Unajua waliokasirikiwa? Mwandishi. Kwa nini anachungulia makabati ya watu?

Januari 2010 McGwire akakiri kwamba alitumia steroidi, dawa za kukuza misuli, kwa miaka, msimu wa 1998 ukiwemo. Mwaka huohuo kibao kikabadilishwa, barabara ikarudishiwa jina lake la zamani, la Mark Twain, yule mwandishi wa hadithi. Tulipita chini yake nikimpeleka mzee hospitali. Akasema, "Huyu angalau alituambia mapema kwamba anatunga."

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo mzee anapoachana na wazee wengine wanaolalamikia dawa. Wao husema vitabu vya rekodi vimechafuliwa. Yeye anasema walimwibia meneja kazi yake.

Meneja wake wa moyoni ni Whitey Herzog, aliyefariki mwaka 2024 akiwa na miaka 92. Herzog aliwaongoza Cardinals miaka ya themanini katika uwanja mpana, ukuta uko mbali, chini pametandikwa nyasi bandia ngumu zinazorusha mpira kama lami. Akaona kutafuta watu wa kuvusha ukuta ni kujisumbua. Akakusanya wenye mbio. Mwaka 1982 timu yake nzima ilipiga homurani 67 tu msimu mzima, lakini iliiba vituo mara 200. Kuiba kituo ni kuchomoka wakati mrushaji anarusha mpira, ukafika kituo kinachofuata kabla hujaguswa. Fainali walikutana na Milwaukee, waliokuwa wamepiga homurani 216. Cardinals wakashinda michezo minne kwa mitatu.

Hesabu mwenyewe. Timu nzima ya bingwa, 67. Miaka kumi na sita baadaye mtu mmoja, jezi ileile, 70.

Mzee hunionyesha kwa vijiko na kichupa cha chumvi juu ya meza maana ya mchezo ule wa Herzog. Chumvi iko kituo cha kwanza, inataka kuiba. Mrushaji anaiangalia chumvi, akili imegawanyika, mpira wake unapoteza makali. Mpigaji hapigi kwa nguvu, anaugusa tu mpira ufe mbele ya miguu yake ili chumvi isogee. Meneja amekaa pembeni anajikuna pua, na kule kujikuna ndiyo amri yenyewe. Kila mmoja anamfanyia mwenzake kitu. Lakini ukiwa na watu tisa wanaoweza kuvusha ukuta wakati wowote, kwa nini umhatarishe mtu kwa kuiba? Unakaa, unangoja. "Nikawa mlinzi wa benchi," anasema.

Na sindano, anavyoeleza, haimfundishi mtu kuugonga mpira, maana macho na mikono ni vyake. Inachofanya ni kuharakisha kupona. Anayestahili kupumzika siku mbili anarudi kubeba vyuma kesho, na kesho kutwa, miezi sita. Nadhani hilo unalielewa kuliko mimi, wewe ndiye unayeandika ratiba za mazoezi.

Mchezo wa leo hajausamehe pia. Baada ya sindano zikaja kompyuta, na kwa hesabu zao safi kabisa zikafika palepale: usiibe, usiguseguse, piga kwa nguvu zako zote au ukose. Mwaka 2018, kwa mara ya kwanza katika historia ya ligi kuu, waliokosa mara tatu wakatolewa walizidi mipira iliyopigwa vizuri. Ligi yenyewe ikashtuka. Mwaka 2023 wakaongeza ukubwa wa vituo na wakamwekea mrushaji saa. Mzee aliitukana ile saa mwezi mzima. Kufika Juni nikamkuta kibarazani kimya, redio iko sikioni, watu wanaiba vituo. Mwaka ule viliibwa zaidi ya 3,500, kutoka kama 2,500 mwaka uliotangulia. Sikumuuliza chochote, na yeye hakusema.

Nirudi kwenye swali lako. Nilipomsimulia habari za kijana wako, hakuuliza dawa gani. Aliuliza, "Nani mwingine ameona?"

Katika besiboli jibu la swali hilo linatisha. Kamishna wa ligi aliziandikia timu tangu 1991 kwamba steroidi haziruhusiwi. Barua ilikuwepo, kikombe cha mkojo hakikuwepo. Mwaka 1994 wachezaji wakagoma, fainali ikafutwa, mashabiki wakasusa. Kisha 1998 homurani zikawarudisha viwanjani, na nani angetaka kuuliza maswali viti vimejaa? Kupima kulianza 2003, tena bila majina, ili kujua tu tatizo ni kubwa kiasi gani. Waliopatikana walizidi asilimia 5, ndipo vipimo vyenye adhabu vikaja. Leo kosa la kwanza ni kufungiwa mechi 80, la pili msimu mzima, la tatu maisha.

Desemba 2007 seneta mstaafu George Mitchell alitoa ripoti ya kurasa zaidi ya 400 juu ya dawa katika besiboli. Ilitaja wachezaji 89. Ilisema pia kwamba lawama ni ya kila mtu kwa kiasi chake: makamishna, viongozi wa timu, chama cha wachezaji, wachezaji wenyewe. Watu walisoma majina 89, sentensi hiyo nyingine wakairuka.

Kisha nenda Cooperstown, kwenye jumba la magwiji wa besiboli. McGwire hakuwahi kupata hata robo ya kura. Barry Bonds, mwenye homurani 762, kuliko mtu yeyote katika historia ya ligi kuu, ambaye siku zote amekana kutumia kwa kujua, aliishia asilimia 66 mwaka 2022, jaribio lake la mwisho katika kura za waandishi wa habari, na zinahitajika 75. Lakini Tony La Russa, meneja wa McGwire katika timu yake ya awali, Oakland, na hapa, aliingia 2014. Bud Selig, aliyeshika ukamishna tangu 1992, akaingia 2017. Sisemi nani alijua nini, sikuwepo. Nasema jumba ni moja, na wengine limewapokea.

Sisi nasi tuko hivyohivyo. Ilipotangazwa mwaka 2014 kwamba Rita Jeptoo, mkimbiaji wetu wa marathoni aliyeshinda Boston na Chicago, amepatikana na EPO, dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu, nchi nzima ilijua jina lake kwa siku moja. Niambie wewe, uliye ndani ya mchezo, majina mangapi ya wanaowachoma wakimbiaji sindano unayasikia redioni.

Nilidhani mzee atakomea hapo kwenye kuwashutumu wakubwa. Jumapili iliyopita aliniita jikoni kwake, akavuta droo yenye betri zilizokwisha na funguo zisizo na kufuli, akatoa karatasi imekunjwa mara nne. Ilikuwa orodha ya wapigaji ya mechi moja ya shule, wino umefifia. Akaweka kidole kwenye jina la nne. Namba nne ndipo meneja humweka mwenye nguvu kuliko wote.

Yule kijana aliondoka msimu ukiisha akiwa mwembamba, wa kawaida. Majira ya baridi yakapita, akarudi shingo imepotea mabegani, mgongo umejaa chunusi, akikemewa kidogo anapiga kabati ngumi. Mama yake alikuja shuleni kuuliza kama chakula cha timu kimebadilika. Mzee alimjibu kwamba vijana hukua. "Nilikuwa najua," aliniambia. "Nilijua siku ya kwanza alipovua shati. Nikaenda ofisini nikamwandika namba nne." Mwaka ule walishinda ubingwa wa wilaya, na kikombe bado kiko shuleni. Mwaka uliofuata kano ya bega ilikatika, maana misuli ilikua, kano hazikukua nayo, na kijana akaacha mchezo. Anaishi, ana familia. Hawajazungumza.

Nilijaribu kumpoza. Nikasema enzi zile hapakuwa na vipimo shuleni, asingeweza kuthibitisha. Akaniangalia kama mtoto aliyejibu swali ambalo hakuulizwa. Akaniambia pia kwamba ujanani, kwenye vile vitimu, yeye mwenyewe alimeza vidonge vya kuamsha mwili kabla ya mechi, kama wengine wengi; amfetamini hazikupimwa ligi kuu mpaka 2006. Kwa hiyo hasemi zamani palikuwa safi. Karatasi akairudisha kwenye droo, chini ya betri.

Mpwa wangu, ulisema huna ushahidi. Mzee naye hakuwa nao. Lakini kwenye ujumbe wako kuna kitu ulikipitia haraka, nikairudisha sauti nikakisikiliza tena. Ulisema kijana akishika nafasi tatu za mbele, kodi ya kambi ya mwaka mzima imepatikana. Makubaliano yenu ya asilimia nayajua, ulinieleza mwenyewe ulipoanza, na si haramu, kocha naye anakula. Ila usiniulize juu ya dakika nne za kijana ukaniacha nikisahau zile asilimia.

Hukuniomba nikuamulie na siwezi. Ofisi za kupima zipo na namba zao unazo. Kabla hujafika huko, mtoe kando kabla ya mazoezi, wawili tu, bila wenzake kusikia. Muulize yule daktari anampa nini, na nani anamlipa. Kisha nyamaza, usimsaidie kujibu. Na akikwambia ni vitamini, wewe ndiye utakayeandika orodha ya watakaosafiri, kwa kalamu yako.

Mzee aliniomba nikuulize kitu kimoja kwa niaba yake: je, mama wa kijana ameshakuja kambini?

Mkianza mbio saa kumi na mbili asubuhi, hapa inakuwa saa nne usiku ya jana yake. Mechi inakuwa haijaisha, redio ya mzee nitaisikia kupitia dirishani. Nipigie hata ukiwa bado unahema.

Msalimie mama. Mwambie ile dawa ya kikohozi nimeituma na yule dada wa Kisauni.

Mjomba wako,
St. Louis